Ken Dryden: kutoka langoni mpaka bungeni



Kila mara majina ya wagombea yanapobandikwa, hapa Kisangani kama kwingineko katika Kongo yetu, utakuta kati yao mwimbaji, mfanyabiashara, na siku hizi hata mchezaji wa mpira. Robert Kidiaba, yule golikipa wa TP Mazembe aliyeshangilia magoli kwa kurukaruka huku ameketi chini, alifika na timu yake fainali ya Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi, Desemba 2010. Mwaka 2015 alisimama langoni Leopards walipochukua nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika. Baadaye akaingia katika bunge la jimbo la Haut-Katanga. Wako waliocheka. Wako pia waliouliza swali la kweli: mtu aliyezoea kudaka mipira anaweza kufanya nini mahali ambapo sheria zinatungwa?

Swali hilo linawahusu vijana wetu pia, na wazazi wao zaidi. Katika nyumba ngapi za Mangobo na Kabondo baba na mtoto hawasikilizani kwa sababu ya mpira na masomo? Mtoto anasema ana kipaji. Baba anasema kipaji hakilishi nyumba. Nataka kuwaeleza habari za golikipa mwingine, wa nchi ya mbali na wa mchezo ambao hapa hatuna, aliyekataa kuchagua kimoja na kuacha kingine. Jina lake Ken Dryden, wa Kanada. Alifariki tarehe 5 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka 78. Alikuwa mchezaji wa hoki ya barafuni, akasomea sheria, kisha akawa mbunge na waziri.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe. Sisi barafu tunaijua kwenye kongelateri na katika vifuko vya maji baridi vinavyouzwa barabarani jua linapochoma. Kule Kanada maziwa na mito huganda wakati wa baridi mpaka watu wanatembea juu yake, na watoto hujifunza hoki nje ya nyumba zao kama wa kwetu wanavyojifunza mpira katika vumbi. Kila timu ina watu sita uwanjani, golikipa akiwa mmoja wao. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba kama kisu chini ya unyayo, wanateleza kwa kasi, na kwa fimbo zilizopinda wanapiga kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Lango ni dogo, upana wake ni mita 1.83 tu na urefu kwenda juu mita 1.22. Lakini kisahani hicho kinaweza kupita kilometa 150 kwa saa. Ndiyo maana golikipa hujifunga magodoro miguuni na kuvaa kinyago usoni. Kinyago kile si pambo. Makipa wa zamani waliocheza bila hicho walizeeka na makovu usoni.

Dryden alizaliwa Hamilton, katika jimbo la Ontario, tarehe 8 Agosti 1947. Kaka yake mkubwa, Dave, alikuwa golikipa pia. Mwaka 1964 klabu ya Boston Bruins ilimchagua Ken akiwa bado kijana. Haki zake zikahamishiwa kwa Montreal Canadiens, na njia ikawa wazi mbele yake. Vijana wengi wa wakati ule waliacha shule wakiwa na miaka 16 au 17 ili kuukimbilia mchezo. Yeye akaenda chuo kikuu cha Cornell, Marekani, akasoma historia na kuichezea timu ya chuo, akamaliza mwaka 1969. Kisha akaingia chuo kikuu cha McGill, Montreal, kusomea sheria. Kwa hiyo siku Canadiens walipomwita langoni, Machi 1971, walikuwa wanamwita mwanafunzi mwenye vitabu mkononi.

Mwaka huo wa 1971 unatugusa na sisi kidogo. Ndio mwaka ambao chuo kikuu kilichoanzishwa hapa mjini na Waprotestanti mwaka 1963, Chuo Kikuu Huria cha Kongo, kiliunganishwa na vingine kuwa UNAZA. Mwaka 1981 kikarudi kusimama peke yake kwa jina la Chuo Kikuu cha Kisangani, ambapo leo vijana wengi wa makanisa yetu wanasomea sheria. Wanafunzi wa siku zile walikuwa na shida zao. Huyu wa Montreal alikuwa na yake: mchana darasani, usiku mbele ya visahani.

Tarehe 20 Machi 1971 ilikuwa siku ya ajabu kwa familia yake. Timu ya Buffalo ilifika Montreal, na golikipa wao alikuwa Dave. Ken alikuwa kwenye benchi. Katikati ya mchezo golikipa wa Montreal akaumia, Ken akaingia, na ndugu wawili wakawa wanatazamana kutoka lango moja hadi lango la pili. Mwishoni walikutana katikati ya uwanja wakapeana mikono.

Alicheza mechi sita tu za msimu, na akazishinda zote. Halafu zikaanza mechi za kugombea kombe kubwa, Kombe la Stanley, na mwalimu wa timu akamweka huyo mgeni langoni dhidi ya Boston, mabingwa wa mwaka uliotangulia, timu ya Phil Esposito na Bobby Orr iliyokuwa inafunga kila mtu. Montreal ikashinda katika mechi ya saba. Ikaitoa Minnesota, ikaifunga Chicago katika fainali, na Dryden akatangazwa mchezaji bora wa mashindano hayo kabla hajamaliza hata msimu mmoja mzima. Kiangazi kilipofika hakwenda kupumzika. Alikwenda Washington kufanya kazi na Ralph Nader, mwanasheria aliyekuwa akipambana na makampuni makubwa ya magari juu ya usalama wa watu.

Mwaka uliofuata, 1972, Kanada na Umoja wa Kisovyeti walicheza mechi nane ambazo watu wa kule bado wanazisimulia. Katika ile ya kwanza, mjini Montreal, Dryden alifungwa mara saba, Kanada ikapoteza 7–3. Katika ya nne, mjini Vancouver, ikapoteza tena 5–3, yeye akiwa langoni, na watu wa nchi yake wakaizomea timu yao. Pamoja na hayo, mechi ya nane kule Moscow, tarehe 28 Septemba 1972, yeye ndiye aliyesimama. Alifungwa mara tano siku hiyo. Zikiwa zimebaki sekunde 34, Paul Henderson akafunga la sita.

Sasa tufike mahali ambapo mimi naona ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1973 Dryden alikuwa ameshinda Kombe la Stanley mara ya pili, ametajwa golikipa bora wa ligi, na amepata shahada yake ya sheria McGill. Akaomba klabu iangalie upya mshahara wake, kwa sababu makipa wengine walilipwa zaidi yake. Klabu ikakataa. Wachezaji wa wakati ule hawakuwa na uwezo wa kuhama walivyotaka, wakikataliwa walinung'unika na kurudi uwanjani. Dryden hakunung'unika wala hakurudi. Akiwa na miaka 26, golikipa bora duniani, alivua magodoro yake, akahamia Toronto, akaingia ofisi ya mawakili kufanya staji.

Wanaojua kazi ya uavoka hapa kwetu wataelewa mara moja. Shahada peke yake haikufanyi kuwa avoka kamili. Katika Kongo unakula kiapo, halafu unafanya staji ya miaka miwili chini ya avoka mwenye uzoefu, ukibeba mafaili yake, ukikaa kwenye viti vya nyuma vya tribinali, ndipo jina lako linaandikwa kwenye orodha kuu. Ontario wana utaratibu wao unaofanana na huo. Yule ambaye uwanja mzima ulikuwa unaimba jina lake alilipwa dola zisizofika 150 kwa juma, akisoma mikataba ya watu wengine. Bila yeye Montreal ilitolewa mapema katika msimu wa 1974. Klabu ikamrudia, safari hii kwa mshahara aliouomba.

Watu husimulia jambo hili kama habari ya fedha, kwamba alishinda ugomvi wa mshahara. Mimi nadhani fedha ni sehemu ndogo. Mtu asiye na kitu kingine cha kufanya hawezi kusema hapana mbele ya anayemlipa. Dryden aliweza kusema hapana kwa sababu miaka ile yote ya kubeba vitabu ilikuwa imemjengea mlango wa pili. Hili wachezaji wetu wengi wamelipata kwa uchungu: goti likivunjika au kiongozi wa klabu akibadilika, hakuna mlango mwingine.

Aliporudi, Montreal ilichukua kombe mara nne mfululizo, 1976 hadi 1979. Jumla alipata makombe sita. Katika mechi 397 za msimu alizocheza, alipoteza 57 tu. Picha yake ambayo watu wanaikumbuka si ya kudaka. Mchezo ukisimama alikuwa anasimamisha fimbo yake, anaweka mikono juu yake na kidevu juu ya mikono, anatazama, kama mzee anayesikiliza kesi barazani. Mwaka 1979, akiwa na miaka 31 na nguvu zake zote, akaacha. Mwaka 1983 alitoa kitabu juu ya maisha ya mchezaji ambacho wengi wanakihesabu kuwa bora kuliko vyote vilivyoandikwa juu ya hoki.

Hakukimbilia siasa. Kutoka 1984 hadi 1986 alikuwa kamishna wa vijana wa serikali ya Ontario. Baadaye, akiwa mtu mzima mwenye jina kubwa, aliomba ruhusa katika shule moja ya sekondari, akaketi nyuma ya darasa kwa mwaka mzima wa masomo pamoja na wanafunzi, akiangalia mwalimu anafanya nini na mtoto anayekaa kimya anafanya nini. Kitabu juu ya mwaka huo kilitoka 1995. Sijui wakubwa wangapi wa mahali popote wangekubali kukaa nyuma ya darasa hata juma moja.

Jambo la watoto lilikuwa limeanza nyumbani kwao. Baba yake, Murray Dryden, alipenda kupiga picha za watoto waliolala. Kule India aliona watoto wanaolala chini, barabarani, na mwaka 1970 yeye na mke wake Margaret wakaanza kazi ya kuwapa watoto maskini vitu vya kulalia: godoro au mkeka, shuka, chandarua, nguo, na vifaa vya shule. Kazi hiyo ilikua ikafika nchi nyingi, zikiwamo jirani zetu Uganda na Tanzania, na pia Kenya. Wazazi wanaolala na watoto wanne juu ya mkeka mmoja huku Lubunga, upande wa pili wa mto, hawahitaji kuelezwa chandarua ni kitu gani.

Baada ya kuongoza klabu ya Toronto Maple Leafs tangu 1997, Ken Dryden aligombea ubunge, na Juni 2004 akachaguliwa katika eneo la York Centre, Toronto, kwa chama cha Liberal. Waziri mkuu Paul Martin akampa wizara ya maendeleo ya jamii. Kazi aliyopewa ilikuwa moja kubwa: kujenga mpango wa taifa wa malezi na masomo ya watoto wadogo, wale ambao hawajafika umri wa shule.

Mama anayeuza sokoni kwetu ataielewa shida hiyo bila mwalimu. Masomo ya bure yaliyoanza 2019 katika Kongo ni ya shule ya msingi. Mwenye mtoto wa miaka mitatu au minne anajilipia mahali pa kumweka, au anamfunga mgongoni na kwenda naye kazini, au anamwachia dada yake wa miaka tisa ambaye siku hiyo hataonekana darasani. Kanada ni nchi tajiri, lakini mama wa kule alikuwa na hesabu ileile: akienda kazini, mshahara wake mwingi unaishia kwa anayemlelea mtoto.

Ugumu ulikuwa kwamba huko malezi na elimu viko mikononi mwa majimbo. Serikali kuu inaweza kutoa fedha, lakini haiwezi kuamuru. Kwa hiyo Dryden alizunguka jimbo baada ya jimbo na ahadi ya dola bilioni 5 kwa miaka mitano, akizungumza na serikali za vyama tofauti, nyingine zisizokipenda chama chake. Kufikia mwisho wa Novemba 2005 majimbo yote 10 yalikuwa yameweka sahihi. Wanaosema umaarufu wa uwanjani haufai kitu serikalini wakumbuke jambo hili: kila mlango ulifunguka haraka kwa sababu ya makombe yake sita. Lakini makombe hayasomi vifungu vya mkataba. Hapo alihitaji yale ya McGill na ya ofisi ya Toronto.

Basi tazameni kilichotokea. Siku chache baada ya sahihi ya mwisho, serikali ya Martin ikaanguka bungeni. Januari 2006 chama cha Conservative kikashinda uchaguzi. Mikataba ile ilikuwa na kifungu kinachoruhusu upande mmoja kujitoa kwa kutoa taarifa ya mwaka mmoja. Waziri mkuu mpya, Stephen Harper, akakitumia kifungu hicho mara tu alipoapishwa, na kufikia Machi 2007 mpango ukawa umekufa. Tuwe wa haki: Harper hakufanya hivyo kwa kuwachukia watoto. Alikuwa amewaambia wapiga kura wazi kwamba wazazi wapewe fedha mkononi, dola 100 kwa mwezi kwa kila mtoto chini ya miaka sita, wachague wenyewe, na watu walimpigia kura. Ila kazi ya mwaka mzima na zaidi ilifutwa kwa barua.

Hapa ndipo tofauti kati ya mkataba na sheria inaonekana, na ni vizuri kila mkristo anayepiga kura aijue. Mkataba kati ya serikali unaishi kadiri walioweka sahihi wanavyotaka uishi. Sisi wa Kisangani tunalijua hilo kwa damu. Mkataba wa Lusaka ulitiwa sahihi 1999, na Juni 2000 mabomu ya majeshi ya kigeni yakaanguka juu ya mji wetu siku sita. Sheria pia inaweza kufutwa, lakini lazima irudi bungeni, ijadiliwe mbele ya watu, na kila mbunge aonekane ameinua mkono upande gani. Dryden, mwanasheria, alijua hayo. Wakati ulimkosa: serikali yake haikuwa na wabunge wa kutosha, na alichagua kupata sahihi kwanza. Mimi naona alikosea. Wengine watasema hakuwa na njia nyingine.

Mwaka huohuo wa 2006 aligombea uongozi wa chama chake, akashindwa. Alizungumza polepole mno, hotuba zake ndefu, na Kifaransa chake kilikuwa kizito ingawa alikuwa amecheza miaka yote hiyo Montreal. Mwaka 2011 akapoteza na kiti chake cha ubunge. Yeye hakuacha kazi ya kushawishi watu. Mwaka 2017 alitoa kitabu juu ya Steve Montador, mchezaji aliyefariki akiwa na ubongo ulioharibika kwa mapigo ya kichwani, akadai wakubwa wa ligi wapige marufuku kila pigo la kichwa, liwe la makusudi au la bahati mbaya. Mpaka anafariki ligi ilikuwa haijakubali.

Habari ya watoto ilirudi kwa mikono mingine. Mwaka 2021 serikali ya Justin Trudeau ilitenga dola bilioni 30 kwa miaka mitano, lengo likiwa mzazi alipe kwa wastani dola 10 kwa siku. Mikataba na majimbo ikaandikwa tena, kama ile ya Dryden. Lakini safari hii walikwenda mbele zaidi, na Machi 2024 bunge la Kanada likapitisha sheria ya malezi na masomo ya watoto wadogo. Dryden alikuwa na miaka 76, na karibu miaka 13 ilikuwa imepita tangu atoke bungeni. Watoto waliokuwa na miaka mitatu wakati zile sahihi za 2005 zinawekwa, walikuwa sasa watu wazima wa miaka 21 au 22.